Tokage, yamori, imori, kanahebi: kamusi inasema wote ni "mjusi", nifanyeje?

Mtafuta_Maneno

Wakuu, salaam. Naandaa faharasa ya wanyama ya Kijapani kwa Kiswahili, itakayotumika kwenye vitabu vya picha vya watoto. Ndege na samaki nimewamaliza, ila kwenye mijusi nimekwama. Kamusi niliyo nayo imeandika "mjusi" mbele ya maneno manne: tokage (トカゲ), yamori (ヤモリ), kanahebi (カナヘビ) na imori (イモリ). Najua hayawezi kuwa kitu kimoja, kwa sababu kuna ukurasa ambapo watoto wawili wanabishana juu ya mnyama aliye kwenye ndoo, huyu anasema yamori, yule anasema imori. Nikiandika "mjusi" pande zote mbili, ubishi unakosa maana.

Pia kuna majina marefu ya katakana (mojawapo ya aina za herufi za Kijapani) kama ヒョウモントカゲモドキ, sijui yanakatwa wapi. Na kenge je? Kinyonga? Mwenye ujuzi anisaidie, na kama kuna mitego anitajie mapema.

Kaka_Kanji

Mkuu, anza kwa kumtoa imori kwenye orodha. Imori si mjusi kabisa. Ni amfibia, yuko upande wa chura: ngozi yake ni laini na yenye majimaji, haina magamba, vidole havina makucha, na mayai yake huyataga majini, moja moja, kila yai akilifunika kwa jani la mmea wa majini. Anayetajwa zaidi Japani ni akahara imori (アカハライモリ). *Aka* ni nyekundu, *hara* ni tumbo, na kweli tumbo lake ni jekundu lenye mabaka meusi. Wekundu huo ni onyo, maana ana sumu ileile ya samaki bunju, tetrodotoksini. Kwa hiyo kama kitabu kinaonyesha mtoto amemshika imori, usije ukamwita "mjusi wa maji" halafu msomaji akadhani ni wa kuchezea.

Yamori ndiye mjusi kafiri wetu: yule wa ukutani na darini, anayezunguka taa usiku kuvizia wadudu. Hana kope za kufumba, hivyo jicho lake hulisafisha kwa kulilamba. Vidole vina nyayo za kunata. Mayai ni mawili, yenye ganda gumu, ameyabandika kwenye mwanya wa ukuta.

Kinachowachanganya watu ni sauti ya majina, si sura ya wanyama. Yanatofautiana kwa silabi moja tu, na silabi hiyo ndiyo yenye siri:

*ya* (家) ni nyumba, *mori* (守) ni mlinzi. Yamori ni mlinda nyumba.
*i* (井) ni neno la zamani la kisima. Imori ni mlinda kisima.

Siku hizi kisima ni *ido* (井戸), lakini *i* imebaki ndani ya jina. Imori huishi kwenye majaruba ya mpunga, mifereji na vidimbwi, na yamori huishi kwenye nyumba za watu. Ndiyo maana swali la kwanza Mjapani atakalokuuliza ukimwambia umeona kimojawapo ni "wapi?"

Kama mchoro hauonyeshi mahali, hesabu vidole vya miguu ya mbele. Yamori ana vitano, imori ana vinne. Mchoraji makini hakosei hapo, ila wapo wanaokosea, basi angalia na tumbo.

Kwa ukurasa wako wa ubishi, ningeandika "mlinda nyumba" na "mlinda kisima" moja kwa moja ndani ya mazungumzo, halafu majina ya Kijapani yabaki pembeni. Mtoto ataelewa kwa nini wanabishana.

BintiPangani

Kaka_Kanji kaeleza vizuri, ila kuhusu yamori kuwa mjusi kafiri, simameni kidogo. Kwa maana ya mnyama ni sahihi. Kwa hisia ya msomaji si sahihi. Japani yamori ni mgeni wa heri: anakula mbu na nondo, na jina lenyewe linamsifu. Wakati wa Edo (enzi ya Japani iliyoishia 1868) neno hilohilo 家守 lilitumika pia kwa binadamu, yaani msimamizi anayemwangalizia mwenye nyumba wapangaji wake. Sasa pwani yetu mjusi kafiri ana kesi ya kale, watoto wanafundishwa kumpiga ndala. Kitabu kinasema "bibi alifurahi kumwona yamori", wewe unaandika "bibi alifurahi kumwona mjusi kafiri". Msomaji wa Tanga au Lamu atadhani bibi ana matatizo.

Kwenye faharasa andika "mjusi kafiri". Kwenye hadithi andika "mjusi wa ukutani" au hilo la mlinda nyumba.

Kuhusu tokage na kanahebi. Tokage lina maana mbili. Kwa upana ni mjusi yeyote yule, hata wa Australia. Kwa ufinyu ni wale mijusi wa Japani wenye magamba laini yanayong'aa kama yamepakwa mafuta. Hao ndio wa familia inayoitwa Tokage-ka (トカゲ科) kwenye vitabu vya sayansi. Kanahebi si wa familia hiyo. Mtambue hivi:

Magamba ya kanahebi ni makavu, hayang'ai, kila gamba lina mgongo mdogo katikati, ukimgusa anakwaruza. Rangi ni ya udongo na majani makavu. Mkia ni mrefu mno, karibu theluthi mbili za urefu wake wote. Tokage ni mnene zaidi, mkia mfupi zaidi, anateleza mkononi.

Ukiona kwenye picha mjusi mdogo mweusi mwenye mistari mitano ya dhahabu mgongoni na mkia wa buluu unaowaka, huyo ni mtoto wa tokage. Si aina nyingine. Akikua rangi hiyo hufifia, hasa kwa dume, ambaye akikomaa huwa wa kahawia na msimu wa kuzaa kidevu na koo huwa rangi ya machungwa. Nimeona tafsiri zinazomwita "mjusi wa buluu" ukurasa wa kwanza na "mjusi wa kahawia" ukurasa wa kumi kana kwamba ni wanyama wawili. Ni yuleyule amekua. Mtoto wa kanahebi hana buluu.

Halafu *hebi* maana yake ni nyoka. Kanahebi (金蛇) ana miguu minne na si nyoka hata kidogo, jina tu. Usiandike "nyoka wa chuma".

Fundi_Tafsiri

Naongeza kwa BintiPangani: watu wa mtaani Japani hawafuati mpaka huo. Maeneo mengi ya Kanto (upande wa Tokyo), anayeitwa "tokage" na mtoto wa shule ni kanahebi, kwa sababu ndiye anayeonekana zaidi bustanini. Kuna pia jina la kienyeji kanachoro (カナチョロ). Hiyo *choro* inatokana na tanakali *chorochoro* (ちょろちょろ), mwendo wa kiumbe kidogo kinachokimbia huku na huku. Nyoka yeye hupewa *nyoronyoro* (にょろにょろ), mwendo wa kujinyonganyonga. Ukikutana na tanakali hizo bila jina la mnyama, tayari umeshajua kama ana miguu au hana.

Sasa majina marefu. Kanuni: kichwa cha jina, yaani neno kuu, kiko mwisho, kinyume na kwetu. Sisi tunasema "mjusi wa kupanda miti", wao wanasema mti-panda-mjusi. Kwa hiyo soma kutoka kulia.

キノボリトカゲ: *ki* mti, *nobori* kupanda, *tokage*. Wako Okinawa.
エリマキトカゲ: *erimaki* ni skafu ya shingoni. Ni yule wa Australia anayefunua ngozi ya shingo kama mwavuli. Japani nzima ilimjua mwaka 1984 kupitia tangazo la gari la televisheni, akikimbia kwa miguu miwili.
フトアゴヒゲトカゲ: *futo* nene, *ago* kidevu, *hige* ndevu. Kwenye maduka ya wanyama hukatwa kuwa "futoago" tu.
アシナシトカゲ: *ashi* miguu, *nashi* bila. Mjusi asiye na miguu.
ミミズトカゲ: *mimizu* ni nyungunyungu.
ドクトカゲ: *doku* ni sumu.
ヒルヤモリ: *hiru* ni mchana. Hawa ni mijusi kafiri wa kijani wanaotembea mchana, kundi ambalo makao yake makuu ni Madagaska na visiwa vya Bahari ya Hindi. Yule wa kijani wa Pemba ni wa kundi hili.
ホオグロヤモリ: *hoo* shavu, *guro* nyeusi. Wa Okinawa huyu, analia kwa sauti usiku, na ameenea bandari za tropiki hadi pwani ya Kenya.

Sasa lako: ヒョウモントカゲモドキ. *Hyou* chui, *mon* nakshi au madoa, *tokage* mjusi, *modoki* kitu kinachofanana na kingine lakini sicho. Yaani "kisichokuwa tokage hasa, chenye madoa ya chui". Kwa nini *modoki*? Kwa sababu kwa ukoo ni ndugu wa yamori, lakini ana kope zinazofumba na hana nyayo za kunata, anatembea chini kama tokage. Wafugaji humwita *reopa* (レオパ). Kumbe basi kanuni yangu ya kusoma kutoka kulia inakusaidia hapa pia: neno la mwisho ni *modoki*, nalo linakuambia "usiamini neno lililotangulia".

Mwingine wa kuogopwa ni ムカシトカゲ. *Mukashi* ni zamani. Ni tuatara wa New Zealand, na kisayansi si mjusi, ana oda yake peke yake. Tokage ipo mwisho wa jina, lakini inadanganya.

Mtafuta_Maneno

Hii ni zaidi ya nilivyotarajia. Nimejaribu mwenyewe matano, naomba msahihishe:

1. アオカナヘビ = kanahebi wa buluu
2. アオジタトカゲ = mjusi mwenye ulimi wa buluu
3. クロイワトカゲモドキ = mfano-mjusi wa mwamba mweusi
4. 大きなトカゲ = kenge
5. サンショウウオ = sijui, naona *uo*, samaki?

Fundi_Tafsiri

La 2 tu ndilo limesimama.

La kwanza: *ao* (青) kwa Kijapani cha zamani ilifunika buluu na kijani pamoja, na kwenye majina ya wanyama na mimea bado iko hivyo. Taa ya kijani ya barabarani wanaiita *ao* mpaka leo. Ao-kanahebi wa Amami na Okinawa ni kijani kibichi kama jani la mgomba. Kwa hiyo kabla ya kuandika buluu, tafuta picha. Ulimi wa aojita-tokage kweli ni wa buluu, na aina moja ya yamori nitakayoitaja chini kweli ni ya buluu, lakini hiyo ni bahati ya kila mmoja.

La tatu: *kuro* nyeusi, *iwa* mwamba, hesabu yako ya maneno ni sahihi, ila Kuroiwa hapa ni jina la ukoo la mtu. Mnyama amepewa jina la mtaalamu wa viumbe. Vivyo hivyo オカダトカゲ, mjusi wa rasi ya Izu na visiwa vyake: Okada ni jina la ukoo. Katakana haina herufi kubwa, haikuonyeshi jina la mtu limeanzia wapi. Dawa ni moja: angalia jina la kisayansi. Likiishia na *kuroiwae* (au *okadae*, jina la zamani la huyo wa Izu), hiyo -ae au -i ya mwisho mara nyingi ni heshima kwa mtu, basi usitafsiri, acha "Kuroiwa".

Kaka_Kanji

La nne ni mtego ambao hata kwetu upo. 大きなトカゲ (*ookina tokage*) ni mjusi mkubwa, ukubwa tu. オオトカゲ (*ootokage*), neno moja, ndiye kenge. Mtu akisema aliona *ookina tokage* bustanini huko Nagoya ameona kanahebi aliyeshiba, si kenge, maana Japani haina kenge wa asili. Kenge wetu wa majini ni ナイルオオトカゲ (*nairu ootokage*), kenge wa Nile. Yule wa Komodo ni コモドオオトカゲ, na wengine husema コモドドラゴン.

Kinyonga pia hawakuwa naye, ndiyo maana hana jina la Kijapani: カメレオン (*kamereon*), basi. Yule wa pembe tatu wa milima ya Kenya ni ジャクソンカメレオン.

La tano: umeona vizuri, *uo* ni samaki, lakini mnyama ni salamanda. *Sanshou* ni kiungo chao kikali kama pilipili, ingawa mmea wake ni wa jamii ya michungwa, na jina limetoka kwenye harufu inayofanana na kiungo hicho ambayo wengine wao hutoa wakisumbuliwa. Huyu ni amfibia kama imori. Mkubwa wao, オオサンショウウオ, huweza kupita urefu wa mita 1, na tangu 1952 analindwa kitaifa kama kumbukumbu maalumu ya asili. Ukiandika "samaki wa pilipili" kwenye kitabu cha watoto tutakucheka hapa mwaka mzima.

Na kwenye kuchapa: *oo* ya "kubwa" lazima uichape o-o. Ukichapa "outokage" kompyuta haitakupa オオトカゲ. Lakini *hyou* ya chui unaichapa h-y-o-u. Kwa masikio yetu zote ni "oo" ndefu kama ya "kondoo", kwa kibodi ni vitu viwili. Hapo ndipo watu wanaposema neno halimo kwenye kamusi kumbe walichapa vibaya.

Mwalimu_wa_Sauti

Naingia kwa jambo moja ambalo hakuna aliyelitaja. Fundi ameandika *shita* (ulimi) kuwa *jita* ndani ya aojita, na *kuro* kuwa *guro* ndani ya hooguro, bila kueleza. Neno la pili la mwambatano hugeuza sauti yake ya kwanza kutoka sighuna (isiyotetemesha koo) kuwa ghuna (inayotetemesha koo): k kuwa g, sh kuwa j, t kuwa d, h kuwa b. Wanaita *rendaku*. Mswahili asishangae, sisi wenyewe tunasema "mti mrefu" lakini "nyumba ndefu".

Sasa swali zuri: kwa nini ni *ootokage* na si *oodokage*? Kwa nini *kanahebi* na si *kanabebi*, na *futoagohige* na si *-bige*? Kwa sababu neno la pili likiwa tayari lina sauti ghuna ya kuzuia pumzi ndani yake (b, d, g, z, j), mgeuko unazuiwa. Tokage ina g, hebi ina b, hige ina g. Shita na kuro hazina, r haihesabiwi. Kanuni hii hubeba jina la Benjamin Smith Lyman, mwanajiolojia Mmarekani aliyefanya kazi Japani na kuiandika mwaka 1894, ingawa wasomi wa Kijapani walishaiona kabla yake. Faida yake kwako ni ya kazi: ukikutana na *-jita*, *-guro*, *-zuno* usiitafute hivyo kwenye kamusi. Irudishe kwanza kuwa shita, kuro, tsuno (pembe). Lakini tokage na hebi ziko salama, utazikuta zilivyo popote.

Matamshi: irabu ni tano zetu zilezile, hakuna kazi. Kosa letu ni mkazo. Sisi tunakandamiza silabi ya pili kutoka mwisho, tunasema ya-MO-ri. Kijapani sanifu kinapandisha sauti mwanzoni: YA-mori, I-mori, kisha inashuka. Tokage haina mteremko, inaanza chini kidogo na kubaki juu. Na wazee wa Tokyo na watangazaji wa mtindo wa zamani hutamka g ya katikati ya neno kwa pua: *tokang'e*, ng' ileile ya ng'ombe. Wanafunzi kutoka nchi nyingine wanahangaika nayo mwezi mzima.

BintiPangani

Mwalimu, hiyo ng' nimeipenda.

Mtafuta_Maneno, sarufi ndogo mbili usizisahau. Mjusi ni kiumbe hai kwa hiyo kitenzi cha "kuwepo" ni *iru*, si *aru*: 壁にヤモリがいる, yupo mlinda nyumba ukutani. Kuhesabu hutumia *hiki*, nayo inabadilika: ippiki, nihiki, sanbiki, yonhiki, gohiki, roppiki, nanahiki, happiki, kyuuhiki, juppiki. Kitabu cha watoto cha kuhesabu mijusi kitakuwa na mchezo wa sauti hapo (-piki, -hiki, -biki) ambao Kiswahili hakina, usijaribu kuubeba. Kenge wa Komodo, kwa ukubwa wake, anaweza kuhesabiwa kwa *tou* kama ng'ombe.

Na kuhusu kanji (herufi zenye asili ya Kichina): kwenye vitabu vya watoto utaona hiragana (herufi za silabi), kwenye sayansi katakana, kwenye fasihi 蜥蜴. Herufi zote mbili zina 虫 ubavuni, alama ya mdudu, kwa sababu Wachina wa kale waliweka humo kila kinachotambaa: nyoka 蛇, chura 蛙, wote wana mdudu. Hata "reptilia" 爬虫類 ina 虫 katikati. Msitafsiri "wadudu watambaao". 守宮 nayo husomwa yamori kwa mkupuo, usijaribu kugawa herufi kwa silabi. Hiyo *miya* ya 宮 haisikiki popote.

Kama kitabu kina haiku (shairi fupi la Kijapani lenye neno la kuashiria majira), tokage, yamori na imori wote ni maneno ya kiangazi. Ila "tokage ana wo izu", mjusi anatoka shimoni, ni neno la masika ya huko, yaani baada ya baridi. Mijusi wao hulala majira yote ya baridi chini ya ardhi, jambo ambalo mtoto wa Mombasa hawezi kulijua usipomwongezea sentensi.

Mtafuta_Maneno

Kuna sentensi moja kwenye gazeti, si ya watoto: トカゲの尻尾切り (*tokage no shippo kiri*). Mkuu wa kampuni anatuhumiwa, halafu inasemwa hii. Kukata mkia wa mjusi?

Fundi_Tafsiri

Ni nahau. Mjusi akibanwa anaacha mkia unachezacheza na mwenyewe anatoroka (kisayansi kujikata huko ni *jisetsu*, 自切). Kwa hiyo wakubwa wakibanwa, wanamfukuza au kumshtaki mtu wa chini ili wao wasiguswe, hiyo ndiyo *shippo kiri*. Kiswahili tayari tunacho: wamemtoa kafara karani wa chini. Ukiandika "walikata mkia wa mjusi", msomaji wetu atafikiri ni mzaha. Angalizo: lawama iko kwa anayekata, si kwa mkia. Usitumie kwa mtu aliyejinasua kwa akili zake tu. Hiyo sivyo.

Mwitu_Uluguru

Fundi aliahidi yamori wa buluu akamsahau. Ni アオマルメヤモリ: *ao*, *maru* mviringo, *me* jicho, yaani yamori wa buluu wa macho mviringo. Mboni ya jicho lake ni duara, wakati yamori wengi wa usiku wana mboni ya mfereji wima. Mnyama huyu ni wetu, anatoka msitu wa Kimboza, Morogoro, na anaishi kwenye mikadi. Dume ndiye mwenye buluu kali, jike ana rangi ya kijani iliyopoa, kwa hiyo hapa tena *ao* inakuwa kweli kwa nusu ya ndoa tu.

Kwa anayetafsiri nyaraka na si hadithi: tangu 2017 yuko kiambatisho cha kwanza cha mkataba wa biashara ya viumbe walio hatarini, ikimaanisha biashara ya kimataifa ya waliotoka porini imefungwa. Kijapani mkataba huo hawauiti kwa herufi za kifupi kama sisi, wanauita ワシントン条約, Mkataba wa Washington, na kiambatisho cha kwanza ni 附属書I. Ukitafuta "CITES" peke yake kwenye maandishi ya Kijapani utakosa nusu ya nyaraka.

Kaka_Kanji

Sawa kabisa. Nyongeza ya mwisho kwa faharasa: usiandike ニホントカゲ peke yake kwa mjusi wa Tokyo. Mwaka 2012 wale wa mashariki ya Honshu na Hokkaido walitengwa wakaitwa ヒガシニホントカゲ (*higashi* ni mashariki), na jina la zamani likabaki kwa wa magharibi, Kyushu na Shikoku. Kwa macho huwezi kuwatenganisha, unaangalia ramani. Vitabu vilivyochapwa kabla ya hapo vina jina moja kwa wote, na havijakosea, ni umri wao tu. Kwa kitabu cha picha "tokage" inatosha.

Mtafuta_Maneno

Nimeandika hivi, nasubiri rungu: tokage, mjusi, kanahebi, mjusi mkia-mrefu, yamori, mjusi kafiri (hadithini: mlinda nyumba), imori, salamanda tumbo-jekundu (hadithini: mlinda kisima), ootokage, kenge, sanshouuo, salamanda.

BintiPangani

Imori wote si wa tumbo jekundu, hilo ni akahara imori tu. Andika "salamanda wa majini", tumbo liache kwenye mchoro. Mengine pitisha.